Ua Aliloleta Ainavut

Kazi aliyopewa Rultine majira yale ya joto ilikuwa kumziba mdomo mama mkwe wake mpaka mgeni aondoke.

Aliyempa kazi hiyo ni Ettikai, mkuu wa kijiji, mdogo wa marehemu baba mkwe wake. Alikuja asubuhi, akavua buti mlangoni, akakaa karibu na jiko la makaa, akanywa chai kikombe cha kwanza na cha pili asiseme neno. Rultine aliendelea kukatakata nyama ya sili, yule mnyama wa bahari ya barafu. Alikwisha mzoea. Jambo dogo Ettikai hulisema akiwa amesimama mlangoni. Jambo kubwa hulinywea chai kwanza.

"Shemeji yangu yuko wapi?" hatimaye akauliza.

"Yuko nje, anageuza samaki."

"Afadhali. Basi sikiliza, mwanangu. Yule mama wa maua anashuka kesho na helikopta, hewa ikiwa nzuri. Wewe ndiye utakayemtembeza bondeni, maana hakuna anayelijua bonde kama wewe. Mkiwa kule, mkweo asiwe kule. Mkirudi hapa, mkweo asiwe hapa."

"Mtu mzima nitamficha wapi, baba mdogo?"

"Usimfiche. Mpeleke kambi ya samaki. Mwambie mke wangu yuko kule anaumwa, anamhitaji."

"Mama mdogo anaumwa nini?"

"Ataanza kuumwa jioni," akasema Ettikai, akasogeza kikombe kiongezwe.

Kisa chenyewe kila mtu kijijini alikijua. Watu wa mgodi ulioko milimani walitaka barabara ya kufikia bahari, na njia fupi ilikatisha bonde ambako wanawake huenda kutafuta viazi kila mwaka kabla ya theluji. Njia ndefu ilizunguka nyuma ya kilima. Watu wa mgodi hawakutaka kuzunguka. Kisha mwaka uliopita mpima ardhi mmoja alichuma bondeni ua dogo jeupe lenye mishipa ya waridi, akalibana katikati ya karatasi, likafika mjini kwa wataalamu wa mimea, na huko wakakuna vichwa. Lilifanana na ua moja la kusini, la nchi ya Wakoryak, ambalo lina kiazi chini. Lakini kutoka huko kusini mpaka hapa ni mbali mno, na katikati halionekani popote. Ama lilikuwa ua lile lile, limefika kwa mkono wa mtu, ama lilikuwa jingine kabisa, lisilomea mahali pengine duniani isipokuwa bonde hili. Likiwa jingine, barabara itazunguka kilima. Sheria ndivyo inavyosema. Likiwa la kuletwa, halihesabiwi, na magari yatapita.

Rultine hakuhitaji kuelezwa magari yakipita itakuwaje. Bonde la kwao alikozaliwa lilipitishwa barabara alipokuwa msichana. Ardhi ikawa inatetemeka kutwa, panya wanaochimba viazi wakahama, na mama yake akawa anarudi na mfuko mtupu, mpaka akaacha kwenda. Na kwake yeye bonde hili lilikuwa zaidi ya viazi. Kijijini alikuwa mtu wa kunyamaza, mke wa mchunga kulungu wa theluji ambaye nusu ya mwaka hayupo, na watu wakisahau kumwalika mahali hakuna aliyegundua. Bondeni wanawake walimfuata nyuma. Mguu wake ulikuwa na masikio: akikanyaga juu ya ghala la panya alijua kama chini ya lile zulia la majani kuna uwazi, na kama uwazi huo umejaa. "Tangulia, Mguu," walimwambia, naye akatangulia.

Shida ilikuwa Ainavut, mama mkwe wake, na hadithi yake.

Watu wa hapa hawachimbi viazi kwa mikono yao. Mchimbaji ni panya. Majira yote ya joto hukata, husafisha na kupanga ghalani, na watu huja siku za mwisho kabla ardhi haijaganda, hufunua kifuniko cha udongo, huchukua nusu, na mahali pa walichochukua huweka kipande cha samaki mkavu au mafuta, kisha hufunika vizuri. Ukikomba ghala lote, au usipoweka kitu, panya mwenye ghala hutoka kwenye theluji, hupanda kijiti cha kichaka, hupitisha shingo kwenye panda yake akajinyonga. Hilo halibishaniwi. Kila mwanamke amewahi kumwona panya huyo, au mama yake alimwona.

Ainavut alikuwa Mkoryak, ameletwa na mume kutoka kusini akiwa msichana hasa. Mwaka wake wa kwanza wifi zake walimpeleka bondeni. Alifunua ghala, akachukua nusu, halafu akatoa kwenye mfuko wake viazi vibichi alivyotoka navyo kwao, akavipanga ndani kimoja kimoja. Kwao mzizi hulipwa kwa mzizi. Wifi zake walicheka mpaka wakakaa chini. Anamlipa panya kiazi kwa kiazi! Si angemwachia vyake tu? Miaka ikapita, siku moja ya majira ya joto akapita bondeni, akaona ua jeupe lenye mishipa ya waridi limeota karibu na pale, akapiga kelele kama aliyekutana na ndugu yake. Ua la kwao. Tangu siku hiyo, kila mwaka wakiwa bondeni, wakati wa chai, Ainavut huianza hadithi upya, na kila mwaka wenzake humkatiza kwa kelele. Hata watoto walijua kwamba ua lile aliyelileta ni yeye.

Rultine alitoka nje. Ainavut alikuwa kwenye uchaga, anageuza samaki mmoja baada ya mwingine kwa vidole vilivyopinda, akiwafukuza nzi kwa pumzi.

"Mama, mke wa baba mdogo anaumwa. Yuko kambini, anakuhitaji."

"Anaumwa nini?"

"Mgongo."

"Jana nilimwona akimkimbiza mbwa na fimbo."

"Ndipo ulipoumia."

Ainavut akageuza samaki mwingine. "Ettikai amekunywa vikombe vingapi?"

"Vitatu."

"Basi si mgongo."

Rultine hakuwa hodari wa uongo, na huo mdogo aliokuwa nao ulikuwa umekwisha. Akamweleza yote: mama wa maua, kusini, barabara, panya. Mzee alisikiliza bila kugeuka. Rultine alipomaliza, Ainavut akauliza, "Ni ua langu hilo?"

"Hilo hilo."

"Maisha yangu yote hapa mmenicheka kwa ua lile. Leo limepata maana, mnataka lisiwe langu."

"Si mimi, mama."

"Na anayesimama hapa ni nani?"

"Magari yakipita, panya watahama."

"Najua panya watahama! Mimi mtoto?" Akajifuta mikono kwenye nguo. "Na kambini siendi. Sina mgongo wa kumuuguza mtu mwenye mgongo mzima."

Rultine hakujua kama amekubali au amekataa, na hakumuuliza tena, kwa sababu Ainavut akiulizwa mara mbili hujibu kinyume.

Mama wa maua aliitwa Zoya Pavlovna. Alikuwa mfupi, mwenye miwani mizito, na alishuka kwenye helikopta akiwa tayari ameumwa na mbu kwenye kope. Kesho yake gari la magurudumu ya minyororo, lile lipitalo matopeni, liliwapeleka bondeni, yeye na Rultine, pamoja na Vukvuna, jirani, ambaye Ettikai alimwongeza ili Rultine asiwe peke yake. Vukvuna alikuwa mwanamke mnene mwenye ulimi. Ettikai alikuwa amesahau kwamba ulimi ndio uliokuwa unaogopwa.

Zoya Pavlovna alikuwa mtu wa kupiga magoti. Aliona ua, akashuka chini, akatoa kioo cha kukuzia, akalitazama kwa muda mrefu kana kwamba linamwambia jambo refu. Alipima jani, akafungua ua kwa ncha ya sindano, akatia alama kwenye ramani, akainuka, akatembea hatua chache, akashuka tena.

"Huyu anasali au ameangusha kitu?" Vukvuna akamnong'oneza Rultine kwa sauti ambayo mtu wa kilimani angesikia.

"Nahesabu vinyweleo vya jani," Zoya akajibu bila kuinua kichwa. "La kusini halina. Hili lina, ila vichache. Sasa sijui ni tabia yake au ni baridi tu imelivalisha."

"Mimi pia nina vinyweleo hapa kidevuni. Nijue mimi ni wa wapi?"

"Lala chini nikupime."

Vukvuna akacheka, na tangu hapo akampenda. Rultine hakucheka sana. Alikuwa anatazama ramani. Kila alama ilikuwa kitone chekundu, na yeye alikwisha elewa jinsi ya kuvisoma. Vitone vilivyorundikana kando ya miduara ya mawe, pale mahema ya zamani yalipokuwa yakisimama, vilimtia hofu. Ua lililopenda mahali watu walipolala ni ua lililokuja na watu. Vitone vya mbali vilimpa moyo. Basi akampeleka Zoya mbali. Alimpandisha kwenye kingo za maji, akampeleka chini ya mwamba ambako theluji haiyeyuki hadi katikati ya majira ya joto, akampeleka hadi kwenye shingo ya mlima ambako hakuna mtu aliyewahi kupiga hema wala kutamani. Kule nako lilikuwapo, dogo, limejikunyata. Upande wa pili wa mlima halikuwapo hata moja.

"Ninyi mnaliitaje?" Zoya aliuliza walipokaa kupumzika. Walikuwa wanakula biskuti na samaki, wakiwapunga mbu.

"Ua hatulitii jina," Rultine akasema. "Tuna majina ya viazi."

"Na kiazi cha ua hili ni kipi?"

Rultine akamtazama Vukvuna, Vukvuna akatazama biskuti yake. Hakuna aliyewahi kujiuliza. Viazi waliviona ghalani, vimekatwa, vimesafishwa, havina jani wala shina. Na wakati huo juu ya ardhi maua yote yamekwisha pukutika. Waliviainisha wakiwa wamekaa kwenye ngozi: vya mtu hapa, vya panya pale, na vile vyeusi vinavyoua vinatupwa kwenye maji. Kipi kilizaa ua gani, hiyo haikuwa habari yao.

"Panya ndiye ajuaye," akasema Rultine.

"Muulize," akasema Vukvuna. "Ila Kirusi hajui."

Zoya akachimba moja taratibu kwa kisu, akalitoa zima na kiazi chake. Kilikuwa chembamba, chekundu kidogo, kimepinda. Rultine alikitambua mara moja.

"Hicho ni kidole. Vidole viko kwenye kila ghala."

"Tangu lini?"

Hapo Rultine akaona kama amekanyaga uwazi. "Sijui," akasema.

Zoya akakifunga kile kiazi kwenye kitambaa chenye maji. Kisha, huku bado anafunga, akauliza kwa sauti ya kawaida, "Kuna mtu yeyote aliyewahi kulileta hapa? Kulipanda, au kuliangusha?"

Vukvuna alianza kukohoa. Rultine alitazama maji yanavyopita juu ya mawe. Alikuwa amejiandaa kwa swali hili tangu asubuhi, na jibu alikuwa nalo mdomoni, neno moja fupi, lakini halikutoka. Wala jibu la pili halikutoka.

"Waulize wakubwa," akasema.

"Nitawauliza. Mkweo ni wa kusini, eti? Nitapenda kunywa chai naye."

Safari ya kurudi Vukvuna alikaa mgongo kwa mgongo na Rultine juu ya gari. "Shoga, umekwisha," akamwambia. "Mkweo akipewa chai na msikilizaji, hata bahari itahama."

Wakakutana jioni nyumbani kwa Rultine na mkwe wake, jua likiwa bado juu kama mchana. Ettikai alikuja bila kualikwa, akakaa pembeni, na safari hii chai yake ilipoa mkononi. Ainavut alikuwa amevaa gauni lake la maua makubwa na shanga za ndoa. Rultine aliziona zile shanga. Mtu havai shanga ili anyamaze.

Mzee alimkaribisha mgeni vizuri. Alimkatia nyama ya sili iliyo laini, akamwekea mafuta, akamuuliza habari za mama yake, na kama ameolewa, na kwa nini miwani yake ni mizito hivyo. Zoya alijibu yote, akala yote. Kisha akatoa lile ua, akaliweka juu ya meza kati yao. Lilikuwa limenyauka kidogo, lakini mishipa yake bado ilionekana.

"Mama, kwenu kusini kuna ua kama hili?"

Ainavut alilichukua kwa kikonyo. Alilisogeza karibu na jicho lake moja lililo zima, akaligeuza, akalinusa. Kidole chake gumba kilipita polepole juu ya jani. Ettikai alikuwa ameacha kupumua, au Rultine ndiye aliyekuwa ameacha, mmoja wao.

"Kwetu kuna maua mengi, binti," Ainavut akasema. "Niliondoka mdogo."

"Na hili la hapa, uliwahi kusikia kwamba kuna mtu aliyelileta?"

Kwenye jiko kaa moja liliporomoka na wote wakalisikia.

"Sijui," akasema Ainavut. "Mimi ni mgeni hapa."

Akalirudisha ua mezani, akainua birika. "Nikuongeze?"

Zoya alimtazama kwa muda, kisha akasogeza kikombe. Hakuuliza tena. Walizungumza habari za samaki.

Mgeni alipoondoka kwenda kulala shuleni, Ettikai alisimama, akamshika shemeji yake bega. "Umetuokoa, shemeji. Nilidhani leo utaimba."

"Nenda kwako," akasema Ainavut, "mkeo anaumwa mgongo."

Ettikai alicheka njiani peke yake mpaka akapotea nyuma ya nyumba za mwisho. Ndani, Ainavut alivua shanga, akazirudisha kwenye kopo, akalala akiwa ameelekea ukutani.

Helikopta ilikuja, ikamchukua Zoya Pavlovna na masanduku yake ya karatasi, ikaondoka. Majira ya joto yakaendelea kufupika. Rultine aliishi na mzee yule nyumba moja, na kwa kuwa alikuwa mtu wa kutazama, alitazama. Ainavut alikula, alilala, alishona buti. Hakuwa mgonjwa wala hakuwa na kisirani. Ila zamani alikuwa mtu wa kusema "kwetu": kwetu buti hushonwa hivi, kwetu samaki hukatwa vile, kwetu mvua huja na onyo. Neno hilo lilikuwa limepotea mdomoni mwake. Siku moja Vukvuna alipita, akamtania kama kawaida, "Bibi, panya wako wanakusalimu!" na Ainavut akamjibu, "Panya gani?" kwa uso mtupu kabisa. Vukvuna alibaki amesimama na tabasamu lake, hana pa kuliweka.

"Amechoka," Rultine akamwambia nje.

"Hajachoka," akasema Vukvuna. "Sisi ndio tumemchukulia kitu." Kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane hakuongeza mzaha.

Rultine alifikiri kumwambia mzee neno la shukrani, lakini kila alipolipanga lilionekana kama malipo, akaliacha. Bonde nalo halikuwa limeokoka bado. Watu wa mgodi walikuwa wamekwisha leta vigingi vyenye vitambaa vyekundu, vimerundikwa kandokando ya uwanja wa helikopta, vinangoja jibu la mjini kama walivyongoja watu wa kijiji.

Jibu lilikuja siku ambayo wanawake walikuwa wanajiandaa kwenda bondeni. Zoya Pavlovna alipiga simu ofisini kwa Ettikai, akaomba azungumze na Rultine mwenyewe. Ettikai alimpa simu, akabaki amebandika sikio upande wa pili wa simu.

"Si la kusini," Zoya akasema. Sauti yake ilikuwa inakatika na kurudi. "Mbegu zake zina ganda jingine, na damu yake, tuseme hivyo, si moja na ya lile. Ndugu yake wa karibu yuko ng'ambo ya mlango wa bahari, si kusini. Hili limekuwa bondeni kwenu kabla ya watu. Limepewa jina lake. Barabara inazunguka, nimeambiwa leo, imetiwa saini."

Ettikai akatupa kofia juu.

"Asante," akasema Rultine.

"Na mkweo mwambie nyama yake bado naiota. Hadithi yake nilihadithiwa na rubani hata kabla hatujatua. Ilinibidi nilipime lile ua mara mbili kwa ajili yake. Viazi vya kusini havivumilii ardhi ya huko. Tulijaribu kuvipanda kwenye udongo wa aina hiyo, vikaoza. Vyake ama viliganda, ama panya waliviona ni karamu."

Simu ikakatika. Ettikai alikuwa anacheza katikati ya ofisi. "Umesikia? Hatukudanganya! Tulinyamaza tu, na hata tungepiga kelele ingekuwa vile vile! Rubani! Yule mshenzi anajua kila kitu!" Kisha akaona uso wa Rultine. "Sasa wewe una nini?"

"Nani atamwambia mama?"

Ettikai aliokota kofia yake, akaipangusa. "Wewe unaishi naye," akasema.

Rultine hakumwambia siku ile. Wala njiani. Walifika bondeni asubuhi yenye ukungu, majani yamegeuka mekundu, madimbwi yana ngozi nyembamba ya barafu. Ainavut alikuwa amekuja, kwa sababu hakuna mwaka aliokosa kuja, lakini alikaa kwenye ngozi tangu mwanzo akingoja mizizi iletwe aiainishe. Rultine alitangulia, akakanyaga, akasimama, akafunua. Ghala lilikuwa limejaa. Alichukua nusu, akaweka samaki, akafunika. Akaenda kwenye lingine. Mpaka wakati wa chai mifuko ilikuwa mizito na wanawake walikuwa wamekaa wakinyoosha miguu. Wote walikuwa na habari. Palikuwa na ule utupu wa wakati wa chai, mahali ambapo zamani hadithi ya Ainavut ilikuwa inaanzia, na wote walikuwa wanaukwepa kama shimo.

Rultine alikaa mbele ya mkwe wake.

"Mama, Zoya Pavlovna alipiga simu."

"Hm." Mikono ya mzee iliendelea: cha mtu, cha panya, cha mtu.

"Lile ua si la kusini. Wamelipima. Lilikuwa hapa siku zote."

Mikono ilisimama. Ainavut alikuwa ameshika kidole kimoja chekundu, amekishika hewani.

"Na viazi vyangu?"

"Anasema viliganda. Au panya walikula."

"Vyote?"

"Pengine vyote."

Ainavut alikitazama kile kiazi kwa jicho lake zima. Rultine alitamani kusogea amshike, lakini hawakuwa watu wa kushikana, na mbele ya wanawake wote ingekuwa kama kumtangazia msiba. Akakaa tu. Upepo ulileta moshi wa moto wao machoni, na kila mtu akapata sababu ya kujipangusa.

"Barabara je?" mzee akauliza.

"Inazunguka kilima. Imekwisha tiwa saini."

"Haibadiliki?"

"Haibadiliki."

"Hata mtu akisema nini? Hata akienda kusimama mbele ya wakubwa wa mjini na kuapa?"

"Hata akiapa, mama. Wamekwisha pima. Hakuna atakayemwamini."

Ainavut aliinamisha kichwa, akafikiri. Kisha akakiweka kile kiazi upande wa vya mtu, akajipangusa udongo, akajisogeza kwenye ngozi mpaka akakaa sawasawa, akaikaza skafu yake. Rultine alikuwa ameishi na mwanamke yule muda wa kutosha kujua mkao huo ni wa nini, na kwanza hakuamini macho yake.

"Huyo binti ni hodari," Ainavut akasema, "na amepima vizuri, simkatalii. Ila hakuwapo. Mimi nilikuwapo. Kwetu, mzizi hulipwa kwa mzizi."

"Jamani!" Vukvuna akapiga yowe, akajitupa chali kwenye majani. "Jamani imeanza! Nani ana pamba ya masikio?"

"Nyamaza, wewe mwenye ndevu. Mwaka ule nilioletwa nilikuwa mwembamba kama kijiti, na wifi zangu walikuwa wachoyo..."

"Mwaka jana walikuwa wavivu!"

"Walikuwa wachoyo na wavivu. Mama yangu alinipa mfuko. Mfuko wa ngozi ya sili, una kamba nyekundu..."

"Ya bluu, bibi! Siku zote ni ya bluu!"

"Nani alikuwa na mfuko, mimi au wewe?"

Walikuwa wanacheka, wote, wengine wakiwa na machozi ya moshi bado shavuni. Rultine alimmiminia mkwe wake chai, akaiweka pale mkono wake ungeifikia. Alikuwa ameisikia hadithi hii kila mwaka tangu aolewe, na kila mwaka alikuwa akiinuka katikati kwenda kutafuta ghala jingine. Chini ya kilima kulikuwa na maghala ambayo mguu wake ulikuwa bado haujayafikia, na ukungu ulikuwa unashuka.

"Sasa likachanua lini?" akauliza.

"Subiri," akasema Ainavut kwa ukali. "Mbona una haraka? Hata mto sijavuka."

Rultine akavuta ngozi, akakaa.